Babe (1995): filamu ya familia isiyowaficha watoto kisu

#1 Mleta uzi

Habari zenu wanajukwaa. Kila likizo ya Desemba inapokaribia huulizwa swali lile lile: ni filamu gani ambayo babu, wazazi na watoto wa shule ya msingi wanaweza kuitazama pamoja, bila mtu kuinuka kwa aibu na bila mtu mzima kusinzia? Jibu langu halijabadilika kwa muda mrefu, nami nimeona heri nilifungulie uzi wake ili nieleze sababu kwa kirefu. Ni Babe, filamu ya mwaka 1995 kuhusu mtoto wa nguruwe aliyejifunza kuchunga kondoo.

Kwa wasioifahamu, filamu hii ina urefu wa dakika 92 hivi. Iliongozwa na Chris Noonan, ambaye aliandika mswada wake pamoja na George Miller, mmoja wa watayarishaji. Ilitokana na kitabu cha watoto, The Sheep-Pig, cha Mwingereza Dick King-Smith, kilichochapishwa mwaka 1983. King-Smith alikuwa mkulima na mfugaji kwa miaka 20 hivi kabla ya kuwa mwalimu na hatimaye mwandishi, na hilo linaonekana: wanyama wake wana njaa, wana wivu wa chakula, wanazaa na kunyang'anywa watoto, na kila mmoja anajua kwa nini anafugwa. Filamu yenyewe ilipigwa Robertson, katika jimbo la New South Wales nchini Australia, kwenye vilima vya kijani vyenye ukungu ambavyo mtu wa Lushoto au wa Limuru hatavishangaa.

Hadithi inaanzia ndani ya banda kubwa la kibiashara lisilo na jua. Nguruwe mama anachukuliwa na lori, na msimulizi anatueleza kwamba nguruwe wa humo huamini kuwa wakubwa wao wanakwenda mahali pazuri mno, pazuri kiasi kwamba hakuna aliyewahi kutaka kurudi. Mtoto mmoja, aliye mdogo kuliko wenzake, anatolewa na kupelekwa kwenye maonyesho ya kijiji ili watu wabahatishe uzito wake. Mkulima mmoja mrefu na mkimya, Arthur Hoggett, anambeba mikononi, na yule mtoto aliyekuwa akipiga kelele ananyamaza. Hoggett anabahatisha sawasawa na kumshinda. Huko shambani, mbwa jike aitwaye Fly anamlea pamoja na watoto wake, na mke wa Hoggett, Bi Esme, anaanza kupanga mapishi ya Krismasi.

Hapo ndipo ilipo sababu yangu ya kwanza ya kuipenda. Filamu nyingi za wanyama wa shambani huwafanya wanyama waishi katika ulimwengu usio na jiko. Shamba linakuwa uwanja wa michezo na mkulima anakuwa mtu wa kupita tu. Babe haifanyi hivyo. Bata dume Ferdinand anawika alfajiri kama jogoo kwa sababu amepiga hesabu zake na kuona kwamba binadamu hawali mnyama mwenye kazi. Esme anaponunua saa ya kengele, Ferdinand anaelewa kwamba saa hiyo imekuja kuchukua kazi yake, na baada ya kazi ni maisha yake. Watoto hucheka sana anapomshawishi Babe aingie nyumbani kuiiba saa bila kumwamsha paka, na wana haki ya kucheka, lakini mtu mzima anayetazama pembeni anajua kwamba kicheko hicho kinatembea juu ya hofu ya kweli. Krismasi inapofika Babe anaponea chupuchupu, na wanyama wanapochungulia dirishani kuona ni nani aliyeko mezani, wanamkuta bata Rosanna, ambaye alikuwa na jina, na ambaye tulikuwa tumeshamfahamu.

Wazazi wengi wataona jambo hili ni zito kwa mtoto. Mimi naona ni heshima kwa mtoto. Watoto wetu wengi, hata wa mjini, wamewahi kumpa jina mbuzi aliyeletwa nyumbani siku kadhaa kabla ya sikukuu. Wamemkatia majani, wamemsimamia asipigwe na wenzao, kisha asubuhi ya sikukuu wakaambiwa waende kucheza kwa jirani. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kudanganywa kwamba nyama hutoka dukani. Anahitaji hadithi inayokiri kwamba alichokiona kilitokea na kwamba majonzi yake hayakuwa ya kipumbavu, hadithi ambayo pamoja na hayo yote haimwachi gizani.

Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Hii ni filamu kuhusu adabu ya kusema na wengine. Sisemi adabu ya mtoto kuketi kimya mbele ya wageni. Nasema adabu kama nguvu inayofanya kazi, inayosukuma kundi zima la kondoo kutoka upande mmoja wa malisho hadi mwingine.

Ili hilo lieleweke, yafaa kueleza kidogo kuhusu mbwa wa kuchunga, kwa sababu kwetu mbwa wa mfugaji kwa kawaida hulinda mifugo dhidi ya fisi na wezi, na anayeiongoza ni mchungaji mwenyewe kwa mluzi, kwa fimbo na kwa sauti anayoijua kila mnyama. Huko Uingereza na Australia, mbwa wa aina ya Border Collie hufanya kazi ya kuwaongoza kondoo, na hufanya hivyo kwa kuinama, kunyemelea na kuwakazia macho, yaani kwa kutumia mwenendo wa mnyama mwindaji bila kumaliza mawindo. Kondoo husogea kwa sababu anaogopa. Mashindano ya mbwa hao yana historia ndefu. Yale ya Bala, Wales, yalifanyika mwaka 1873, na chama cha kimataifa cha mbwa wa kondoo kiliundwa mwaka 1906. Mbwa huwakusanya kondoo wachache, huwapitisha kwenye malango, hutenganisha baadhi yao, kisha huwaingiza zizini, na waamuzi hupunguza alama kwa kila kosa.

Sasa weka nguruwe mahali pa mbwa huyo. Babe hana meno ya kutisha wala mbio. Anapojaribu kubweka na kufoka kama alivyofundishwa, kondoo wanamcheka. Ni kondoo mzee, Maa, anayemwambia kwamba hakuna haja ya kufoka, aombe tu vizuri. Anaomba, nao wanatoka kwa mstari ulionyooka. Katika mikono ya mwandishi mwingine hapo ndipo funzo lingemalizika, mtoto akaambiwa aseme tafadhali, basi. Filamu hii inaendelea mbele zaidi, kwa kuonyesha adabu inamgharimu nini mtu mwenye kiburi.

Tazameni kwa makini tukio lile ambapo mbwa koko wamelishambulia kundi na Maa amekufa. Hoggett anamkuta Babe ana damu mdomoni na kwenda kuchukua bunduki. Fly anataka kujua ukweli, na wanaoujua ni kondoo peke yao. Fly amelelewa akiamini kwamba kondoo ni wajinga, kwa hiyo anawasemesha polepole, neno kwa neno. Kondoo nao wamelelewa wakiamini kwamba mbwa, ambao wao huwaita mbwa mwitu, ni washenzi wasiofahamu kitu, kwa hiyo wanamjibu polepole vilevile. Kila upande unamdharau mwenzake kwa namna ileile, na kati yao kuna uhai wa mtoto mmoja unaosubiri. Sijui filamu nyingine ya watoto iliyoieleza dharau kati ya jamii na jamii kwa ufupi na kwa uwazi kiasi hicho. Fly anajishusha, anauliza kwa upole, na anajibiwa.

Kisha, mwishoni, ni zamu ya Rex, dume la Fly, mbwa bingwa mwenye majivuno ambaye kwa muda mrefu hakuweza hata kuvumilia kumwona Babe akichunga. Siku ya mashindano makubwa Babe anakutana na kondoo wageni wasiotaka kumjibu. Rex anakimbia umbali wote hadi nyumbani ili awaombe kondoo wa pale neno la siri ambalo kondoo wote hulitambua. Anayeomba ni yeye aliyewang'ata na kuwafokea maisha yake yote. Kondoo hawampi bure. Wanataka kwanza ahadi kwamba tangu siku hiyo atawatendea kwa heshima. Rex anaahidi. Kwangu mimi huo ndio ushindi wa filamu, na alama kamili ambazo waamuzi wanampa Babe baadaye ni matokeo yake tu.

Nikipita haraka kwenye mengine: James Cromwell, aliyeigiza Hoggett, anasema maneno machache mno katika filamu nzima, na bado alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi. Wakati Babe anapougua baada ya kuambiwa na paka ukweli kuhusu nguruwe na meza ya binadamu, Hoggett, mtu asiyesema, anamwimbia na kumchezea ngoma sebuleni, akirukaruka na miguu yake mirefu. Wimbo huo umejengwa juu ya sehemu ya mwisho ya Simfoni ya 3 ya Mfaransa Camille Saint-Saëns ya mwaka 1886. Nani aliyewahi kumuuguza mtoto usiku asielewe kwa nini mtu mzima hufanya mambo ambayo mchana angeyaonea haya?

Naomba maoni yenu, hasa ya wazazi na wafugaji.

#2 Mama wa Pwani

Assalaam alaykum na heshima kwenu nyote. Nimeusoma uzi hadi mwisho na nimependezwa, lakini kuna jambo ambalo mleta uzi amelipita, nalo ndilo la kwanza litakaloulizwa katika nyumba nyingi za huku kwetu: shujaa wa filamu ni nguruwe. Nilipoiweka kwa mara ya kwanza, mama mkwe wangu aliinuka akaenda kuketi barazani, nami sikumlaumu, kwa sababu amelelewa asitake hata kumtaja mnyama huyo.

Mimi niliendelea kuitazama na wanangu kwa hoja moja. Tulichoharamishiwa ni kumla, na hatukuamrishwa kumchukia kiumbe wala kumfanyia ukatili. Niliwaeleza hivyo kabla hatujaanza, wakaelewa vizuri kuliko nilivyotarajia. Kisha mwanangu wa kiume, wakati Bi Esme anapanga mapishi yake ya Krismasi, akasema kwa uzito kabisa kwamba Babe angekuwa nyumbani kwetu hakuna ambaye angemgusa. Nilinyamaza. Yeye alikuwa amekwishafika mahali ambapo mimi nilikuwa bado nalitafutia maneno.

Kwa hiyo nasema kwa wenzangu, kila mzazi aamue kwa nyumba yake, lakini msidhani kwamba filamu hii inampamba nguruwe ili watoto wapende nyama yake. Inakwenda upande mwingine kabisa.

#3 Mfugaji wa Nyanda za Juu

Ndugu mleta uzi, mimi nafuga nguruwe aina ya Large White, ambao ndio aina iliyotumika kwenye filamu hiyo, na naomba nichangie kama mtu wa bandani.

Kwanza, nawahakikishia wasiofuga kwamba tabia za Babe hazijatiwa chumvi sana. Nguruwe hujifunza jina lake, hujua saa ya chakula, humtofautisha mtu anayemlisha na mtu anayemchoma sindano, na akipewa nafasi ya kutosha hutenga pembe moja kwa ajili ya kinyesi na pembe nyingine kwa ajili ya kulala. Uchafu tunaomsingizia mara nyingi ni wa banda tulilomjengea.

Pili, kuna jambo la kiufundi ambalo kila mfugaji hulishangaa: waliwezaje kumfanya Babe abaki mdogo muda wote wa upigaji picha? Mimba ya nguruwe ni siku 114 hivi, mtoto huzaliwa na uzito wa kilo moja au moja na nusu, na akilishwa vizuri, katika miezi miwili tu huwa amefika kilo 15 au zaidi. Filamu kama hii haimaliziki kwa muda huo. Ndiyo maana walitumia watoto wa nguruwe 48 waliofunzwa kwa awamu na mwalimu wa wanyama Karl Lewis Miller, wakiwavalisha kipande kilekile cha nywele bandia kichwani ili wote wafanane. Pale ambapo mnyama hai asingeweza kufanya kinachotakiwa, walitumia vikaragosi vya mitambo vilivyotengenezwa na karakana ya Jim Henson ya London, pamoja na kazi ya Mwaustralia John Cox, na midomo inayosema iliongezwa kwa kompyuta na kampuni ya Rhythm & Hues. Kazi hiyo ilipata Oscar ya athari maalumu za picha mwaka 1996, ikiishinda Apollo 13 yenye roketi zake. Filamu ilikuwa imependekezwa kwa tuzo saba, ikiwemo ya filamu bora.

Sasa nije kwenye wasiwasi wangu. Cromwell mwenyewe, baada ya kuigiza filamu hii, aliacha kabisa vyakula vyote vitokanavyo na wanyama, na amekuwa mtetezi wa wanyama hadharani. Sina ugomvi naye. Lakini mimi nasomesha watoto kwa nguruwe hawa. Lile banda la mwanzo wa filamu limeonyeshwa kama jehanamu, na mtoto wangu akilitazama kisha akatoka nje na kuliona banda la baba yake, nitamjibu nini?

#4 Mleta uzi

Mama wa Pwani, wa alaykum salaam. Nashukuru kwa kulisema hilo kwa upole na kwa uwazi. Mchango wako umekwenda mbele kuliko andiko langu, na maneno ya mwanao nitayakumbuka.

Ndugu mfugaji, swali lako ni zito na sitaki kulijibu kwa wepesi. Naona filamu haikusema kwamba kufuga ni uovu. Shamba la Hoggett linabaki shamba kuanzia mwanzo hadi mwisho: kondoo wanakatwa manyoya, mayai yanaokotwa, bata analiwa, watoto wa Fly wanauzwa na mama yao anabaki akiwa na huzuni ambayo hakuna mtu anayemwomba radhi kwa ajili yake. Kilichowekwa gizani pale mwanzoni ni ufugaji ambao hakuna anayemtazama mnyama usoni. Hoggett ni tofauti kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba anatazama. Anamwona Babe akiwatenganisha kuku weupe na wa kahawia, na badala ya kupita anasimama akafikiri. Wewe umetuandikia aya nzima juu ya nguruwe anavyochagua pembe ya kulala. Mtoto wako akitoka nje atamkuta baba anayejua mambo hayo, na nadhani mazungumzo yenu yataanzia hapo.

Lakini sitasema kwamba wasiwasi wako hauna msingi. Kuna watoto watakaokataa nyama kwa wiki kadhaa, na kuna watakaoikataa moja kwa moja. Mzazi anayeiweka filamu hii akubali kwamba huenda akaulizwa maswali mezani, na awe tayari kuyajibu bila hasira.

#5 Mfugaji wa Nyanda za Juu

Nimekusoma, na nakubali sehemu kubwa. Bado nadhani mwongozaji angeweza kuonyesha banda moja la kawaida, safi, la mtu wa kawaida, ili mtazamaji asibaki na shamba la ndoto upande mmoja na kiwanda cha giza upande wa pili, kwa sababu wengi wetu tuko katikati ya hayo mawili. Hata hivyo nitaitazama na wanangu, na nitawaambia mapema kuhusu bata.

#6 Mwalimu wa Msingi

Naomba kuuliza. Wanafunzi wangu wa madarasa ya chini hawajui Kiingereza cha kutosha kufuata filamu. Je, inafaa kwao, na ni umri gani wa kuanzia? Pia nimesikia kwamba ipo sehemu ya pili.

#7 Mleta uzi

Mwalimu, inafaa, na tena hii ni rahisi kuliko nyingi, kwa sababu imejengwa kwa sura fupi zenye vichwa, na katikati yake yupo msimulizi, kwa sauti ya Roscoe Lee Browne, anayesema taratibu na kuacha nafasi. Vichwa vya sura husomwa na panya wadogo wanaoimba, kwa hiyo hata mtoto asiyejua kusoma hajihisi ameachwa nyuma. Wengi wetu tulikulia katika vibanda vya video ambako mtafsiri aliketi na kipaza sauti, akatusimulia filamu nzima kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, nasi hatukupotea hata kidogo. Fanya vivyo hivyo darasani. Itazame kwanza peke yako, andika muhtasari wa kila sura, kisha uwasimulie wao, na usimamishe picha kabla ya Fly kwenda kwa kondoo ili uwaulize wanadhani atajibiwa au hatajibiwa.

Kuhusu umri, ningeanzia miaka sita au saba. Chini ya hapo, mama kuchukuliwa na lori, shambulio la mbwa koko na kifo cha Maa vinaweza kumsumbua mtoto usiku, hasa akitazama bila mtu mzima karibu. Sehemu ya pili, Babe: Pig in the City, ilitoka mwaka 1998 ikiongozwa na George Miller mwenyewe. Ina ustadi mkubwa wa picha, lakini inampeleka Babe mjini, ina giza zaidi, na haikufanya vizuri sokoni kama ya kwanza. Kwa darasa lako usiitumie. Iache kwa watoto wa miaka kumi na kuendelea ambao wameshaipenda ile ya kwanza na wanaomba kujua kilichompata Hoggett baada ya mashindano.